Fida ya Kidawa

Mimi nina hasira za karibu, na watu wa Kilindoni wanalijua hilo kuliko wanavyolijua jina langu la ubatizo. Jina ni Specioza, lakini huku wananiita Mama Rabson. Nilikuja Mafia kutoka Bukoba nikimfuata mume wangu aliyekuwa mwalimu, na alipofariki watu walidhani nitafunga mizigo nirudi kwetu. Sikurudi. Nilifungua karakana ya useremala nyuma ya nyumba, nikaajiri mafundi, na mpaka leo nagombana nao kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, maana Jumapili niko kanisani.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kusifia ovyo. Nikimsifu mtu, ujue amenishinda. Na Kidawa amenishinda.

Kidawa ni mwanamke wa Baleni, mwembamba, mwenye miaka thelathini na kitu, na maneno yake ni ya kuhesabu. Alikuja kwangu kupiga msasa. Mwaka haukuisha akawa ndiye fundi wa spindo. Spindo ni meza ya chuma yenye mhimili uliosimama katikati. Mhimili umefungwa visu, unazunguka kwa kasi isiyofuatika kwa macho, na ubao ukipitishwa pale unatoka na kingo zilizochongwa kama unavyotaka. Mafundi wanaume niliowahi kuwaajiri walikuwa wakiitazama mashine ile kwa mbali, kisha wanakumbuka wana kazi nyingine ya haraka nje. Kidawa aliisogelea, akaisikiliza, akaizoea. Akisema "kisu kimechoka," kimechoka, hata kama mimi mwenyewe nimekinoa asubuhi hiyo hiyo na nimebisha mpaka jasho limenitoka.

Tunachonga zaidi mbao za mnazi. Hapa minazi mizee isiyozaa tena haikosekani, ikikatwa shina lake ni mbao nzuri ya rangi ya kahawa, ila ina hila. Upande wa nje ni mgumu, unakula visu. Upande wa ndani, kwenye moyo wa shina, ni laini kama mkate uliolowa. Ubao mmoja unaweza kuwa na pande zote mbili, na mpasuaji asipokuwa mwangalifu, ugumu na ulaini vinakutana katikati ya njia. Kisu kinasaga pagumu, ghafla kinakuta palaini, kinazama na kuung'ata ubao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile. Tulikuwa na kazi ya madirisha ya luva ya nyumba moja ya wageni, madirisha kumi na manane, na kila dirisha lina vipande vyake vya luva, vifupi, shibiri moja na nusu. Kidawa alikuwa anavisukuma kwa mkono, akitumia kijiti cha kusukumia kama alivyofundishwa. Kipande kimoja kikang'atwa, kikarushwa nyuma, kikampiga chini ya mbavu. Mkono wake wa kushoto uliruka juu ya visu. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona. Baina ya kidole na kisu palibaki unene wa ukucha.

Hakupiga kelele. Alizima mashine, akafagia pale chini, akaning'iniza aproni yake msumarini, akaenda nyumbani.

Kesho yake akaja mumewe, Taufiki. Taufiki ni mkwezi, anaangua nazi za watu kwa ujira. Alikuja na kamba yake ya kukwea begani na panga kiunoni, kwa maana alikuwa njiani kwenda kazini.

"Shikamoo, Mama Rabson."

"Marahaba, baba. Kidawa hajambo?"

"Hajambo. Anauguza mbavu." Nikampa kiti, akakikataa. "Nimekuja kukwambia, mama. Kidawa kwenye ile mashine harudi. Akirudi, mikono yake iwe mbali na vile visu. Kama haiwezekani, basi apige msasa, au akae nyumbani."

Hasira ikanipanda. "Wewe unayekwea mnazi kutwa mara ishirini, miguu mitupu, leo ndiye wa kunifundisha mimi hatari?"

"Mnazi umesimama, mama," alisema Taufiki kwa adabu kabisa. "Hauzunguki."

Alipoondoka nilikaa nikiitazama ile spindo. Bila Kidawa ilikuwa meza tu ya kuwekea chai. Ningeweza kumtafuta fundi mwingine Dar es Salaam, lakini sikumtaka fundi mwingine. Nilimtaka yeye, na sikujua nimrudishe vipi.

Nikaenda kwa Sibtain. Sibtain ana duka la vifaa pale Kilindoni, alilirithi kwa baba yake, na ni mfanyabiashara wa namna ambayo ukiingia dukani kwake kununua misumari anakuuliza unagongelea nini, kisha anakuuzia mingine iliyo bora kwa kazi yako. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akaondoa miwani, akasema kitu ninachokitaka kinaitwa fida.

"Ni kimashine chenye mota na magurudumu ya mpira," alisema. "Unakifunga juu ya meza ya spindo. Kinaukamata ubao, kinaubana chini, kinaupitisha kwenye visu chenyewe. Fundi anauingiza tu mdomoni na kuupokea upande wa pili. Mikono haifiki."

"Lete."

"Zipo za aina nyingi, Mama Rabson. Kubwa, ndogo, za haraka, za polepole. Ukikosea kuchagua, utakuwa umenunua balaa jingine."

Alisema ndugu yake wa Dar es Salaam amefunga kiwanda cha samani na ana fida mbili, kubwa ya magurudumu manne na ndogo ya magurudumu matatu. Nikamwambia sitaki kuchagua kwa picha za simu. Basi yule bwana, kwa hiari yake, akaagiza zote mbili zije kwa boti ili tujaribu, ambayo haitatufaa airudishe. Wafanyabiashara wangapi wangefanya vile? Mimi nisingefanya.

Nikampelekea Taufiki ujumbe kwamba Alhamisi waje wote wawili. Aone kwa macho yake. Akiridhika, Kidawa anarudi kwenye spindo, asiporidhika, nitaiuza.

Alhamisi niliamka na shauku ya mtoto wa sikukuu. Niliosha karakana, nikapanga mbao, nikaipaka meza ya spindo mafuta ya nazi. Hii ni desturi ya huku. Chumvi ya bahari inakula chuma, na fundi wa Mafia, awe na randa ya mkono au mashine, hukipaka chuma mafuta ya nazi kisipate kutu na ubao uteleze vizuri. Nilipofika kisiwani niliwacheka sana. Sasa napaka kuliko wao. Na asubuhi ile, kwa kuwa palikuwa na wageni, sikupaka kwa kitambaa kama siku zote. Nilimimina nusu kikombe, nikasugua mpaka meza ikawa inaonyesha uso wangu.

Sibtain akaja na pikapu yake, fida mbili nyuma zimefunikwa turubai. Kidawa na Taufiki wakaja kwa miguu, Kidawa akiwa bado anatembea kwa kujishika ubavu. Tukasalimiana, tukazishusha.

Mimi moyo wangu ulikwenda kwa ile kubwa papo hapo. Ilikuwa nzito, ya kijani, magurudumu yake manne mapana, na mota yake ni ya kutisha. Napenda kitu kikubwa. Ile ndogo ilionekana kama ya kuchezea. "Hii ndiyo fida," nikasema, nikiipiga kofi ile kubwa. "Ile nyingine ni ya kukunia nazi."

Kidawa alichuchumaa mbele ya ile kubwa, akayazungusha magurudumu kwa mkono, moja moja. Akachukua kipande cha luva, akakipitisha chini yake, akakisimamisha hapa, akakisimamisha pale. Akatandaza kiganja chake baina ya gurudumu na gurudumu, akapima shibiri. Kisha akahamia kwenye ile ndogo, akafanya vile vile, wala hakuharakisha. Akamwuliza Sibtain mwendo wa polepole kabisa wa kila moja ni upi, na kama gia zinabadilishwa kwa swichi au kwa kufungua boksi. Nilisimama pale nikitazama, na nakiri nilisahau kuwa na haraka.

"Mama Rabson," alisema mwishowe, "hii kubwa ni ya mbao ndefu. Luva zetu ni fupi. Gurudumu na gurudumu yameachana shibiri nzima. Kipande kikifika hapa kati, kinashikwa na gurudumu moja tu. Kikishikwa na moja kinaweza kugeuka, na kikigeuka kwenye kisu kinavunjika. Na mwendo wake wa chini ni wa haraka mno kwa mnazi." Akaigusa ile ndogo. "Hii magurudumu yamekaa karibu. Kipande hakipati nafasi ya kuwa na gurudumu moja. Na inakwenda polepole. Nijaribu hii kwanza."

"Haina nguvu hiyo."

"Nijaribu."

Tukaifunga mezani kwa jiriwa. Kidawa akashusha magurudumu mpaka yakawa chini kidogo ya unene wa ubao, yaubane. Akaielekeza fida nzima ndani kidogo, upana wa unyasi, ili isukume ubao uegemee ukuta wa chuma wa spindo usije ukatangatanga. Hayo hakuna aliyemfundisha. Sibtain alikuwa na karatasi ya maelekezo mkononi, akaisoma, akakuta ndivyo, akatikisa kichwa, akaikunja.

Kidawa akawasha spindo, akawasha fida, akaingiza kipande cha kwanza. Magurudumu yakakikamata, yakakipitisha taratibu, kikatoka upande wa pili kimechongwa safi. Taufiki aliyekuwa amesimama ukutani akasogea hatua moja. Luva inachongwa pande mbili, kwa hiyo Kidawa akakigeuza kile kipande, akakiingiza tena.

Kikasimama katikati. Magurudumu yakaendelea kuzunguka juu yake, yakiteleza tu, na visu vikawa vinasaga pale pale. Moshi ukatoka, na harufu ya mnazi unaoungua. Kidawa akarudi nyuma, mikono kifuani, mgongo wake ukagonga ukuta. Ni Sibtain aliyerukia swichi.

Nikalipuka. Nilimgeukia Sibtain nikamwambia ametuletea takataka za ndugu yake, nikamwambia magurudumu yamezeeka, nikamwambia anataka kuniulia fundi. Nikamgeukia Kidawa: "Nilisema! Nilisema ile kubwa! Ifungwe ile kubwa sasa hivi, na wewe ondoka hapo ukutani, unaogopa nini, mashine imezimwa!"

Taufiki akafungua kinywa, lakini Kidawa akamwinulia mkono.

"Naogopa, ndiyo," alisema. "Mama Rabson, wewe unadhani Taufiki ndiye aliyenikataza. Mie ndiye niliyemtuma. Tangu siku ile, nikisikia sauti ya spindo mikono inatetemeka. Hata mashine ya kusaga ya Baleni ikiwashwa, natetemeka. Nilishindwa kukwambia. Ningekwambiaje wewe? Wewe ungenipigia kelele."

Sibtain akatazama chini. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, lilikuwa neno la kelele, nikalimeza. Niliona haya, haya ya kweli, kwa sababu mwanamke jasiri kuliko wote niliowajua alilazimika kumtuma mumewe kunidanganya, na sababu ilikuwa mimi.

"Samahani," nikasema. Sina uzoefu na neno hilo, lilitoka vibaya. "Tuache. Nenda nyumbani, mwanangu. Kazi ya msasa ipo siku zote."

"Sijasema naacha." Alikuwa bado ameegemea ukuta. "Nimesema naogopa. Nipeni nafasi nifikiri."

Akafikiri. Akaja akakitoa kile kipande kilichoungua, akakigeuza, akakigeuza tena. "Mara ya kwanza haikuteleza," alisema, kama anaongea peke yake. "Imeteleza tulipougeuza." Akapitisha kidole juu ya gurudumu la mbele, akakinusa. Akapitisha kidole mezani, akakinusa. Kisha akanitazama mimi, nami nikajua kabla hajasema, nikatamani sakafu ipasuke.

"Meza imepakwa mafuta," alisema polepole. "Ubao ulipopita mara ya kwanza ulilamba mafuta upande wa chini. Tulipougeuza, mafuta yakawa juu, magurudumu yakayakanyaga. Mpira na mafuta havishikani." Kisha akaongeza, na hili sitamsahaulia mpaka naingia kaburini: "Desturi yetu ndiyo hiyo, sote tungepaka."

Sote tungepaka! Wakati meza ilikuwa inang'aa kama kikaango cha maandazi, na chupa tupu ya mafuta iko dirishani na jina langu nimeliandika mwenyewe ili mafundi wasiibe! Nikamwomba Sibtain radhi mbele ya watu. Yeye alicheka tu, akasema ametukanwa vibaya zaidi na wanunuzi wa misumari.

Tukaifuta meza. Mimi nilileta majivu jikoni na matambara, nikasugua kwa mikono yangu, sikumruhusu mtu kunisaidia. Sibtain akayasafisha magurudumu kwa spiriti. Kidawa akapitisha kiganja juu ya chuma, akasema bado, nikasugua tena. Akasema bado. Nikasugua mara ya tatu bila kusema neno, na Taufiki akanitazama kama mtu anayeona kitu asichokitegemea.

Meza ilipokauka, nilidhani atachagua kipande kizuri cha kuanzia. Hakuchagua. Alikwenda kwenye rundo la mbao mbovu, akapekua, akatoa kipande kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole upande huu na upande huu. Upande mmoja kikalia kama jiwe, upande wa pili kikaguna. Kigumu na kilaini kimekutana katikati, ndugu wa kile kilichompiga mbavu.

"Kidawa," alisema Taufiki.

"Kikipita kizuri nitajua nini?" alimjibu. "Kizuri hata kwa mkono kinapita."

Akawasha spindo. Akawasha fida. Akakishika kile kipande kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka hata kipande kikawa kinagonga meza, akakiingiza mdomoni mwa magurudumu, yakakikamata, akakiachia. Mikono akairudisha nyuma, akaifumbata mgongoni. Lakini miguu haikutoka. Alisimama pale pale ubavuni mwa mashine.

Kipande kikaenda. Sauti ilikuwa nene wakati visu viko kwenye ugumu, kisha tukaisikia inabadilika, ikashuka, visu vikazama kwenye ulaini. Kipande kikashtuka. Nilikiona kikishtuka. Magurudumu matatu yakakikandamiza, hayakuteleza, hayakuharakisha, yakakipeleka vile vile kwa mwendo wao wa uzee mpaka kikatokea upande wa pili na kuanguka kwenye sanduku. Kidawa akakichukua, akapitisha kidole gumba kwenye kingo. Akakigeuza, akakiingiza tena. Kikapita tena.

Akafanya vipande saba vya namna ile, vyote vibovu, vyote alivyovichagua kwa kuvigonga. Kwenye cha tano niliona mikono haiko mgongoni tena, imeshuka pembeni. Kwenye cha saba alikuwa anakipokea kimoja huku anatafuta kwa jicho kingine, kama zamani.

Alizima mashine, akangoja visu visimame kabisa.

"Hii, Bwana Sibtain," alisema. "Ile kubwa irudi."

Taufiki alimtazama mkewe, kisha akaiweka kamba yake sawasawa begani. "Nitakufuata saa kumi," alimwambia. Kwangu akasema, "Kwa heri, Mama Rabson," akatoka kwenda minazini.

Nilitaka kumwambia Kidawa mambo mengi. Kwamba nimewaona watu wasioogopa, na hawajanishangaza hata mmoja, ila yeye amenishangaza. Kwamba nitajaribu kupunguza kelele, ingawa siahidi. Nikamsogelea, nikasimama upande ubao unakoingilia, nikitafuta pa kuanzia. Yeye alikuwa ameshavaa aproni, ameshika kipande kingine, mkono uko kwenye swichi.

"Mama Rabson, sogea," alisema bila kuinua macho. "Umesimama kwenye njia ya ubao. Ukirudi nyuma utakupiga wewe."

Nikasogea.